Miezi tisa ya vidonge vya zinki, chuma na seleni: mbona wekundu wa damu unashuka?

Nuru ya Alfajiri (mwuliza swali)

Habari zenu, wanajukwaa. Naomba msaada wa wenye ujuzi wa lishe, famasia au maabara, kwa sababu maelezo ninayoyasoma yanapingana, na mimi sina elimu ya kuyapambanua.

Nina umri wa miaka 34. Mwaka jana nywele zangu zilianza kudondoka kuliko kawaida na nikawa nachoka mapema mno. Jamaa yangu wa karibu, kwa nia njema kabisa, akanishauri nianze vidonge vya madini. Kwa miezi tisa sasa ninameza kila siku kidonge cha zinki cha miligramu 50, kidonge cha seleni cha mikrogramu 200, kidonge cha chuma ambacho boksi lake limeandikwa miligramu 200, na juu ya hivyo kidonge cha mchanganyiko wa vitamini na madini, ambacho nacho kina zinki miligramu 15 na seleni mikrogramu 55. Navimeza vyote asubuhi kwa pamoja, na chai, ili nisisahau.

Kinachonitatiza ni kwamba kabla ya kuanza, wekundu wa damu (hemoglobini) ulikuwa gramu 12.1 kwa desilita, na wiki iliyopita nilipopima tena nikakuta 10.9. Nywele bado zinadondoka, na sasa naona hata kucha zinakatika ovyo. Mtu mmoja ameniambia niongeze chuma maradufu. Mwingine ameniambia niongeze zinki kwa ajili ya nywele.

Naomba kuelezwa mambo matatu. Kwanza, kwa nini madini haya huitwa ya kiasi kidogo, ilhali vidonge vinauzwa vikiwa na dozi kubwa hivi? Pili, je, yanaweza kuzuiana yenyewe kwa yenyewe? Tatu, hizo miligramu 200 za chuma ni 200 kweli? Nimesoma kwamba mwanamke wa umri wangu anahitaji miligramu 18 tu kwa siku, na tofauti hiyo imenitia hofu.

Mwalimu wa Kemia

Dada Nuru, pole sana kwa uchovu huo. Nitajibu swali la kwanza, ambalo liko karibu na somo ninalofundisha, na yanayohusu dozi nitawaachia wenye taaluma yao.

Madini ambayo mwili unayahitaji hugawanywa makundi mawili. Yapo ya kiasi kikubwa, kama kalisi, fosforasi, magnesi, sodiamu na potasiamu, ambayo huhitajika kwa mamia ya miligramu au hata kwa gramu kila siku. Yapo pia ya kiasi kidogo, ambayo hitaji lake la siku liko chini ya miligramu 100, na kwa baadhi yake halifiki hata miligramu moja. Humo wamo chuma, zinki, shaba, madini joto, seleni, manganizi na molibdeni. Kobalti huingia kwa mlango wake wa peke yake, kwa kuwa kazi yake inayojulikana kwa binadamu ni kukaa katikati ya molekuli ya vitamini B12.

Wengi wakisikia "kidogo" hudhani maana yake ni "si muhimu sana", na hapo ndipo kosa linapoanzia. Udogo huo unatokana na aina ya kazi. Kalisi ni tofali la mfupa, na nyumba haijengwi kwa tofali moja. Zinki, kwa sehemu kubwa, hufanya kazi kama ufunguo uliochomekwa ndani ya kimeng'enya, yaani protini inayoendesha matendo ya kikemia mwilini: tendo la kikemia hutokea, likaisha, likarudiwa maelfu ya mara, na ufunguo ni uleule. Ndiyo maana mwili mzima wa mtu mzima una zinki gramu 2 hadi 3 tu. Chuma ni gramu 3 hadi 4, na theluthi mbili hivi ya hizo iko ndani ya hemoglobini. Madini joto ni miligramu chache tu, nyingi zikiwa kwenye tezi ya shingo.

Thamani ya vitu hivi ilijulikana pale vilipokosekana. Mwishoni mwa miaka ya 1950 daktari Ananda Prasad alikuta huko Shiraz, Iran, vijana wa kiume wenye upungufu wa damu ambao walikuwa wafupi mno kwa umri wao na ambao balehe yao haikuwa imefika, na ambao chakula chao kilikuwa karibu chote mkate wa nafaka usiochachushwa. Aliandika habari zao mwaka 1961, na utafiti uliofuata Misri ulionyesha kwamba zinki ilikuwa sehemu kubwa ya tatizo. Kabla ya hapo wanasayansi wengi waliamini kwamba binadamu hawezi kupungukiwa na zinki, kwa kuwa imo katika vyakula vingi. Kumbe kuwamo katika chakula na kufika katika damu ni mambo mawili tofauti.

Seleni nayo ina historia yenye uchungu. Jina la ugonjwa wa Keshan, unaoharibu misuli ya moyo, linatokana na wilaya ya Keshan kaskazini mashariki mwa China, ambako ulielezwa mwaka 1935. Udongo wa huko una seleni kidogo mno, na watoto walipopewa seleni katika majaribio ya miaka ya 1970, ugonjwa ulipungua sana. Lakini China hiyohiyo ina maeneo ambayo udongo wake umejaa seleni kupita kiasi, na watu wa huko walipoteza nywele na kucha. Madini ni yaleyale. Kilichotofautiana ni kiasi. Naomba uikumbuke habari hiyo utakaposoma majibu ya wengine, kwa sababu umetaja nywele na kucha.

Mfamasia wa Zamu

Nashukuru Mwalimu ametangulia, kwa kuwa amenirahisishia kazi. Dada Nuru, nitaanza na swali lako la tatu, kisha nije kwenye la pili, ambalo kwa maoni yangu ndilo lenye uzito.

Boksi la chuma likiandikwa miligramu 200, mara nyingi namba hiyo ni uzito wa chumvi nzima ya kikemia, yaani chuma pamoja na kile kilichounganishwa nacho. Kidonge cha sulfati ya feri iliyokaushwa cha miligramu 200 kina chuma chenyewe kama miligramu 65. Glukonati ya feri ya miligramu 300 ina kama 35. Fumarati ya feri ya miligramu 210 ina kama 68. Unaona kwamba namba kubwa ya nje inaweza kubeba chuma kidogo kuliko namba ndogo. Zinki ina mtego huohuo: sulfati ya zinki ya miligramu 220 ina zinki miligramu 50. Kwa hiyo geuza boksi, utafute maneno yanayosema kidonge kina chuma kiasi gani au zinki kiasi gani, na kama hayapo, mwombe mfamasia akukokotolee. Kwa zinki yako, ni muhimu kujua kama 50 ni zinki yenyewe au ni chumvi yake.

Tuchukulie kwamba ni zinki yenyewe, kwa sababu vidonge vingi vya nyongeza huandikwa hivyo. Ukijumlisha na 15 za kidonge cha mchanganyiko, unapata 65 kwa siku, bila kuhesabu chakula. Hitaji la mwanamke mzima ni 8. Nchini Marekani ukomo wa juu wa usalama kwa mtu mzima umewekwa kuwa 40, na Ulaya umewekwa kuwa 25. Ukomo wa Marekani haukuokotwa hewani: ulitokana hasa na utafiti ambamo wanawake waliopewa miligramu 50 za zinki kila siku kwa wiki 10 walionekana kupungukiwa na utendaji wa kimeng'enya kinachotegemea shaba ndani ya seli nyekundu. Ni zinki waliyopewa, lakini kilichoyumba ni shaba, na ni wiki 10 tu. Wewe umefika miezi tisa.

Jinsi inavyotokea ni hivi. Zinki nyingi ikifika kwenye utumbo, seli za ukuta wa utumbo hutengeneza kwa wingi protini iitwayo metalothioneini, ambayo kazi yake ni kukamata metali. Protini hiyo huishika shaba kwa nguvu zaidi kuliko inavyoishika zinki yenyewe. Shaba inayotoka kwenye chakula hunaswa humo, na kwa kuwa seli za utumbo huishi siku chache tu kisha hubanduka, shaba hutoka nazo kwenye choo bila kufika kwenye damu. Jambo hili ni la hakika kiasi kwamba madaktari hulitumia kama tiba: wagonjwa wa Wilson, ambao miili yao hukusanya shaba kwenye ini na ubongo, hupewa zinki ili kuizuia shaba isiingie. Mtu asiye na ugonjwa huo anapomeza zinki nyingi kwa miezi mingi, anajipa tiba ya ugonjwa asiokuwa nao.

Sasa, shaba inahusiana nini na wekundu wa damu? Mwaka 1928, kule Wisconsin, Marekani, kundi la mtafiti Hart lilionyesha kwamba panya wenye upungufu wa damu hawakupona kwa chuma kitupu mpaka walipopewa na shaba kidogo. Leo tunajua sababu. Chuma kikitaka kutoka kwenye utumbo au kwenye ghala la ini kwenda kwenye uboho, yaani kiwanda cha damu kilichomo ndani ya mifupa, lazima kibadilishwe umbo na vimeng'enya vyenye shaba ndani yake. Shaba ikikosekana, chuma hubaki ghalani na kiwanda hulala njaa. Upungufu wa damu wa namna hii hauponi kwa kuongeza chuma, hata ukimeza maradufu kama ulivyoshauriwa.

Sisemi kwamba hilo ndilo lililokupata. Mwanamke wa miaka 34 anaweza kushuka wekundu kwa hedhi nzito, kwa minyoo, kwa kutokwa na damu tumboni bila kujua, kwa upungufu wa vitamini B12, na kwa mengine mengi. Ninachosema ni kwamba orodha ya vidonge ulivyovitaja inaipa shaba nafasi ya juu katika mambo ya kuchunguzwa. Naomba utuambie mawili: katika kipimo kile cha damu, chembe nyeupe zilikuwaje? Na je, una ganzi yoyote kwenye miguu, au unahisi hatua zako haziko imara?

Kama una watoto nyumbani, vidonge vya chuma viwekwe mahali pasipofikika kabisa. Sumu ya chuma huanza kuonekana kwa mtoto kwenye kiasi cha kama miligramu 20 za chuma kwa kila kilo ya uzito wake, na kuanzia 60 kwa kilo ni hatari ya kifo. Vidonge kadhaa vya chuma chenye miligramu 65 vinatosha kumfikisha huko mtoto wa kilo 10, na kwa rangi yake mtoto huvidhania peremende.

Mkimbiaji wa Jioni

Naheshimu maelezo ya Mfamasia, lakini naomba kutofautiana kidogo kuhusu seleni. Mimi ninaitumia mikrogramu 200 kwa siku pamoja na kromi, na nilifanya kipimo cha nywele kilichoonyesha kwamba nina upungufu wa madini saba. Udongo wa siku hizi umechoka na chakula hakina kitu. Seleni inajulikana kuzuia saratani, na kromi inajulikana kushusha sukari. Kwa nini tumtishe dada yetu aache kitu chenye faida?

Mshauri wa Lishe

Ndugu Mkimbiaji, umeuliza kwa uwazi, nami nitakujibu hivyohivyo, kwa sababu mambo uliyoyataja yanaaminiwa na watu wengi na baadhi yake yalikuwa matumaini ya wanasayansi wenyewe.

Habari ya seleni na saratani ilipimwa katika jaribio kubwa lililoitwa SELECT, lililoanza mwaka 2001 na kuhusisha wanaume zaidi ya 35,000. Waliopewa seleni walimeza mikrogramu 200 kila siku, dozi ileile unayoitumia. Mwaka 2008 vidonge vilisitishwa kabla ya muda, kwa sababu seleni haikuonyesha kinga yoyote dhidi ya saratani ya tezi dume. Kilichoonekana ni kwamba waliokuwa wakiitumia walidondokwa na nywele zaidi kuliko wenzao. Kutokana na data hizo, mwaka 2023 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilishusha ukomo wa juu wa seleni kwa mtu mzima hadi mikrogramu 255 kwa siku, chakula na vidonge vikiwa pamoja. Ukomo wa Marekani bado ni 400, lakini hitaji lenyewe la mtu mzima ni 55 tu.

Dada Nuru, jumlisha vidonge vyako: 200 na 55 ni 255. Umeufikia ukomo wa Ulaya kabla hujala chochote. Umeanza seleni kwa ajili ya nywele, na kudondoka kwa nywele pamoja na kukatika kwa kucha ndizo dalili za mwanzo za seleni iliyozidi. Mwaka 2008 watu wapatao 200 nchini Marekani waliumwa hivyo baada ya kutumia kirutubisho cha maji ambacho kwa makosa ya utengenezaji kilikuwa na seleni mara 200 ya ilivyoandikwa. Kiasi chako hakikaribii hapo. Hata hivyo, sioni sababu ya kuendelea nacho hata siku moja zaidi, isipokuwa kama daktari aliyekupima ndiye aliyekuandikia.

Kuhusu kromi, mwaka 2014 mamlaka hiyohiyo ya Ulaya ilihitimisha kwamba hakuna ushahidi wa kutosha kuiita kirutubishi cha lazima kwa watu wenye afya, ikakataa kuiwekea kiwango cha kula. Wataalamu wa Marekani waliiwekea kiwango cha kukadiria mwaka 2001. Wanapotofautiana wanaoheshimika namna hii, mimi huegemea upande wa kutomeza.

Kipimo cha nywele kinafaa kuonyesha kama mtu amekutana na sumu fulani, kama zebaki au aseniki. Kwa kutambua upungufu wa lishe hakitegemeki, kwa sababu shampuu, rangi, vumbi na kasi ya kukua kwa nywele vyote hubadilisha matokeo, na sampuli moja ikipelekwa maabara mbili inaweza kurudi na majibu mawili. Ninasikitika kila ninapoona mtu amelipia karatasi ya namna hiyo, kisha akauziwa vidonge vya kutibu karatasi.

Hoja ya udongo ina ukweli ndani yake, lakini si kwa madini yote wala kwa mahali pote. Seleni na madini joto katika mimea hufuata udongo kwa karibu sana. Chuma si hivyo: udongo karibu wote una chuma tele, na tatizo la chuma mara nyingi liko tumboni kwetu na kwenye sahani.

Nije hapo kwenye sahani, kwa kuwa ndipo kazi yangu ilipo. Chuma cha nyama, samaki na maini kina umbo ambalo utumbo hulipokea kwa urahisi, kati ya asilimia 15 na 35. Chuma cha nafaka, maharage na mboga hupokelewa kwa kiwango cha chini zaidi, na kiwango hicho hupanda na kushuka kulingana na kilicholiwa pamoja nacho. Vitamini C ya matunda hukipandisha. Chai, kahawa na kalisi hukishusha. Kumeza kidonge cha chuma kwa chai, dada Nuru, ni kukifunga kabla hakijaanza safari. Acha angalau saa moja au mbili kati yake. Fitati zilizomo kwenye maganda ya nafaka na kunde hushika chuma na zinki zote mbili, lakini kuloweka, kuotesha na kuchachusha huzivunja. Ndiyo siri ya mkate wa Shiraz aliousimulia Mwalimu: haukuchachushwa, zinki ikabaki imefungwa.

Mpangilio wa siku nao una maana. Ukimeza dozi kubwa ya chuma, ini hutoa homoni iitwayo hepsidini ambayo hufunga mlango wa utumbo kwa kama saa 24. Mwili hufanya hivyo kwa sababu hauna njia ya kukitoa chuma kilichozidi; hupokea miligramu 1 hadi 2 tu kwa siku na kutumia tena miligramu 20 hadi 25 kutoka kwenye seli nyekundu zilizozeeka. Tafiti zilizofanywa kwa wanawake wenye upungufu wa chuma zimeonyesha kwamba sehemu inayopokelewa huwa kubwa zaidi dozi inapomezwa siku moja na kurukwa siku inayofuata, na maumivu ya tumbo hupungua. Hilo liulizwe kwa daktari wako, lisianzwe kwa kusoma hapa.

Nisingependa mtu aondoke akidhani kwamba virutubishi vya nyongeza ni vibaya. Nimeitumikia lishe kwa miaka mingi na nimeona yanayofanywa na miligramu chache mahali panapostahili. Uswisi ilianza kutia madini joto kwenye chumvi mwaka 1922 na jimbo la Michigan mwaka 1924, na rovu lililokuwa la kawaida katika maeneo hayo likapungua kwa kasi. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 tu za madini joto kwa siku. Mjamzito anahitaji kama 250, na akizikosa, ubongo wa mtoto ndio unaolipa. Mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walishauri mtoto mwenye kuhara apewe zinki miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, au 10 akiwa chini ya miezi sita, pamoja na maji ya chumvi na sukari. Tazama lakini jinsi ushauri huo ulivyo na mipaka: mgonjwa anajulikana, dozi inajulikana, na siku za kuacha zinajulikana.

Na pale mipaka inapokosekana, hata nia njema haitoshi. Katika jaribio lililofanyika Pemba, lililochapishwa mwaka 2006, watoto wadogo walipewa chuma miligramu 12.5 na asidi foliki kila siku bila kwanza kupimwa nani anapungukiwa. Sehemu hiyo ya jaribio ilisimamishwa mapema, kwa sababu watoto waliopewa chuma walilazwa na kufariki zaidi kuliko wenzao, katika mazingira yenye malaria nyingi. Watoto ambao kweli walikuwa na upungufu wa chuma na damu, hao walinufaika. Leo ushauri ni kwamba chuma kwa watoto wa maeneo ya malaria kiende sambamba na kinga na tiba ya malaria. Sijawahi kuisahau habari hiyo ninapoandika dozi.

Nuru ya Alfajiri

Nimesoma yote mara mbili na nawashukuru kwa moyo wangu wote. Mfamasia, nimerudi kuitazama karatasi ya maabara. Chembe nyeupe kwa jumla zilikuwa 2.9, na zile zinazoitwa nyutrofili zilikuwa 1.1, pembeni kuna alama ya kuonyesha kwamba zote ziko chini. Aliyenipa majibu alizungumzia wekundu tu. Boksi la zinki linasema wazi kwamba 50 ni zinki yenyewe. Ganzi sina, ila vidole vya miguu huwa vinachomachoma usiku, nami nilidhani ni viatu.

Mfamasia wa Zamu

Dada Nuru, asante kwa kutazama. Naomba usingoje wiki nyingine. Wekundu kushuka pamoja na nyutrofili kushuka ni mwenendo unaofahamika wa upungufu wa shaba, na upungufu wa chuma peke yake kwa kawaida hauzishushi chembe nyeupe namna hiyo. Kuna maradhi mengine ya uboho yanayofanana nao, na ndiyo maana daktari lazima akuone. Hiyo michomo ya vidole ndiyo inayonifanya nisisitize: shaba ikikosekana kwa muda mrefu huharibu uti wa mgongo na mishipa ya fahamu kwa namna inayofanana sana na ukosefu wa vitamini B12, na ingawa damu hurudi vizuri baada ya tiba, mishipa si kila mara hurudi yote.

Beba maboksi yote manne, usiyaeleze kwa mdomo. Ulizia shaba ya damu, seruloplasmini (protini inayobeba shaba kwenye damu), zinki, ferritini (protini inayohifadhi chuma) na vitamini B12, na kwa kuwa nywele zimehusika, kipimo cha homoni ya tezi ya shingo. Mweleze daktari kama unatumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni au kama una maambukizi yoyote, kwa sababu hali hizo hupandisha shaba na seruloplasmini na zinaweza kuuficha upungufu. Ferritini nayo hupanda mwili unapopambana na ugonjwa. Kwa mtu mzima mwenye afya, chini ya mikrogramu 15 kwa lita humaanisha kwamba ghala la chuma limekauka.

Kama unatumia levothairoksini, dawa ya tezi ya shingo, chuma kikae mbali nayo kwa saa 4. Na ukiandikiwa antibiotiki za jamii ya tetrasaiklini au siprofloksasini, mtajie daktari vidonge vya chuma na zinki, kwa kuwa hushikana nazo tumboni na dawa ikapoteza nguvu.

Nuru ya Alfajiri

Ninarudi baada ya wiki tatu, kwa kuwa niliona si vizuri kuchukua msaada wenu kisha nikanyamaza.

Shaba ilikuwa mikrogramu 31 kwa desilita, ilhali maabara ile huhesabu 70 kuwa mpaka wa chini. Seruloplasmini nayo ilikuwa chini sana. Zinki ilikuwa juu. Ferritini ilikuwa 88, maana yake chuma kilikuwa ghalani muda wote huo, na B12 na homoni za tezi ziko sawa. Daktari amenisimamishia zinki, seleni na kidonge cha mchanganyiko, na kwa kuwa ghala limejaa, amenisimamishia na chuma. Ameniandikia shaba kwa muda maalumu na atarudia vipimo baada ya wiki sita. Amenipima pia hisia za miguu na amesema tumewahi.

Uchovu bado upo. Nilidhani ungeondoka mara tu nitakapoacha zinki.

Mfamasia wa Zamu

Hauondoki siku hiyohiyo, dada yangu. Zinki iliyojaa mwilini hutoka polepole na utumbo huendelea kuizuia shaba kwa muda hata baada ya kidonge cha mwisho, kwa hiyo damu huchukua wiki kadhaa kupanda na nywele huchukua miezi. Wakati unasubiri, kagua kabati lako lote: dawa nyingi za mafua za kumung'unya zina zinki, na baadhi ya gundi za meno ya bandia zimewahi kuleta tatizo hilihili kwa watu ambao hawakumeza kidonge hata kimoja.